Hilux ya zamani inayolala nje

Ndugu yangu, umesema Hilux yako ya dizeli ya 1994 inalala nje ya geti, na fundi amekushauri ukate waya wa starta kwa swichi ya siri ili wezi wasiliwashe. Mimi ningekataa. Gari la gia za mkono hata starta ikifa, vijana wawili wakilisukuma linawaka.

Mwambie aiweke swichi hiyo kwenye waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli, yaani kile kifaa cha umeme kinachofungua na kufunga njia ya dizeli. Umeme usipofika pale, dizeli haipiti, wasukume mpaka kuche. Ifiche mahali mkono wako unapafika gizani, si chini ya dashibodi, maana huko ndiko wezi wanakopapasa kwanza. Na fundi awe unayemwamini kweli, kwa sababu siri yako ataijua.

Funga pia loki ya usukani inayoonekana kwa nje. Mwizi akiiona anaweza kupita tu. Spea taya iliyo chini ya bodi itie mnyororo na kufuli, hiyo huibwa hata gari likibaki. Chora namba ya usajili kwenye vioo vyote, saiti mira zikiwemo.

Kadi ya gari usiiache kabisa ndani ya gari.