Daktari anataka kunibadilishia dawa ya wasiwasi, naogopa

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 49, nakaa Ngamiani hapa Tanga, nauza vitenge na madera. Wasiwasi ulinianza nilipofiwa na mama: moyo unakwenda mbio, pumzi zinakata, usiku nahesabu mabati. Nikaandikiwa diazepamu, nikapata nafuu, basi nikawa naendelea kuinunua mwenyewe. Miaka imekatika, sasa nameza vidonge viwili vya miligramu 5 kila usiku. Juzijuzi daktari mpya kanipa fluoksetini ya miligramu 20, akaniambia ile ya zamani niache. Nikaacha usiku uleule. Siku ya nne mikono ikawa inatetemeka, jasho chapachapa, usingizi hakuna, hofu maradufu. Nikarudia vidonge vyangu, mpya nikaifungia kabatini. Wifi yangu anasema nina pepo, nikatazamiwe. Hedhi nayo imeanza kuruka miezi. Je, dawa mpya imenikataa? Na Ramadhani ikifika nitafungaje?
Mama Vitenge, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu niliyoyaona kliniki miaka yote ya uuguzi wangu yamo humo ndani.

Dawa mpya haijakukataa. Kilichokutetemesha, kwa sehemu kubwa, ni ile ya zamani kukatwa ghafla. Diazepamu hutuliza haraka, ndiyo maana watu huipenda, lakini ilikusudiwa itumike wiki 2 hadi 4 tu. Ikimezwa miaka, ubongo huizoea na kujipanga kuishi nayo. Ukiiondoa mara moja, mwili mzima unashtuka: mikono, jasho, usingizi kupotea, na wapo wanaoanguka kifafa. Tena dawa hii hukawia kutoka mwilini, kwa hiyo usiku wa kwanza na wa pili unaweza kujiona mzima kabisa, balaa likaja siku ya tatu, ya nne, hata baadaye. Hapo mtu hulaumu kidonge kipya. Kama kweli uliambiwa uache siku hiyohiyo, mimi sikubaliani na agizo hilo, na unayo haki ya kurudi kuuliza.

Hiyo fluoksetini nayo ina tabia yake. Haitulizi leo wala kesho. Huchukua wiki 2 hadi 6 ndipo mtu aone tofauti, na siku za mwanzo inaweza kumzidishia wasiwasi, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ndiyo maana humezwa asubuhi. Kwa mtu mwenye hofu kama yako, madaktari wengi huanza na dozi ndogo. Dawa za maumivu unazonunua dukani, diklofenaki na tramadoli, usizimeze kiholela ukiwa nayo: ya kwanza ikichanganyika nayo huongeza hatari ya kutoka damu tumboni, ya pili inaweza kuleta kifafa.

Sasa namna ya kuhama. Mpya hutangulia kuingia, ikishashika ndipo ya zamani ianze kushuka, polepole. Kwa mtu wa miaka mingi, mwendo salama ni kupunguza kama sehemu moja ya kumi ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4. Hebu vitazame vidonge vyako. Ukikata kimoja katikati umeondoa miligramu 2.5, na hiyo ni robo nzima ya dozi yako; ni hatua kubwa mno. Muulize daktari kama inapatikana ya miligramu 2. Vitano vyake ni sawa na miligramu 10 zako, ukitoa nusu kidonge umebaki na 9. Hapo unakaa mpaka mwili utulie, ndipo mteremke tena. Inaweza kuchukua miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, na hakuna anayekukimbiza. Ukishindwa hatua moja, unakaa palepale ulipo.

Jambo moja mwambie daktari bila kuona haya: kiasi unachomeza kweli, na kwamba umekuwa ukijinunulia. Fluoksetini huchelewesha diazepamu kutoka mwilini, kwa hiyo zikikutana unaweza kusinzia mchana au kuyumba. Akijua, atakupangia vizuri. Wewe si mlevi wala hukukosa imani. Uliandikiwa dawa, ikakusaidia, hakuna aliyekuambia mwisho wake.

Kuhusu hedhi, nimefurahi umeitaja. Umri wako ni wa ukomo wa hedhi, na joto la ghafla, jasho la usiku na moyo kudunda vinafanana mno na wasiwasi. Kabla hawajakuongezea dawa yoyote, omba upimwe presha, wingi wa damu na tezi ya shingo. Na kahawa ya jioni barazani, najua sisi watu wa Tanga tulivyo, ipunguze. Inamwamsha mtu moyo.

Wifi yako anakupenda. Kisomo na dua havigombani na kidonge, ombeni tu. Ila dawa ya kunywa ya mganga ambayo hujui ndani yake kuna nini, hapana, si wakati huu.

Nenda kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Bombo hapo Tanga wanakupokea, na ubebe pakiti zote mbili pamoja na daftari lenye tarehe, dozi na ulivyolala. Mpaka uonwe, endelea na dozi yako ya kila usiku ileile, usiiguse. Ukianguka kifafa, ukichanganyikiwa, au yakikujia mawazo ya kujidhuru, ni kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Ramadhani isikutie hofu. Fluoksetini ni mara moja kwa siku, utaimeza wakati wa daku, na ya usiku utaimeza usiku kama kawaida. Mwombe tu daktari asikupangie kuteremka dozi wiki ya kwanza ya mfungo, maana usingizi wa mwezi ule unakatika tayari kwa kuamka daku. Na kama siku fulani mwili umegoma kabisa, mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Hilo mkazungumze na ustadhi wako.