Marufuku ya mahindi ya 2017: niliyoyaona Himo na Holili

Mkuu, umeuliza kama kuzuia mahindi yasiuzwe nje kunalinda chakula chetu. Nakujibu kama mtu niliyekuwa ndani ya biashara hiyo: nilikuwa nanunua Kibaigwa, soko la mahindi wilayani Kongwa, Dodoma, na kuuza Holili, mpakani Kilimanjaro, wateja wangu wakitoka Taveta upande wa Kenya.

Juni 2017 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku, nilikuwa na gunia 120 stoo pale Himo, si mbali na Holili. Siku za mwanzo malori yalisimama kweli. Baada ya hapo kazi ikahamia usiku. Vijana walifumua magunia ya kilo mia, wakayagawa kwenye viroba, wakafunga viwili viwili nyuma ya bodaboda kwa mipira ya tyubu, wakaondoka taa zimezimwa. Mpaka ule ni mashamba na njia za panya, na watu wa pande zote mbili ni ndugu. Lori moja liligeuka safari nyingi za pikipiki.

Kila safari ina malipo yake: dereva, wa kuchungulia njia, wa kufumba macho. Wengi wanadhani mlanguzi ndiye anayeyabeba. Hapana, huyo anayakata kwenye bei ya mkulima. Mzee mmoja wa Kongwa niliyezoea kununua kwake alinipigia akisema, "Mwanangu, njoo uchukue kwa bei yoyote, watoto wanadaiwa ada." Sikuweza kumsaidia. Mzigo wangu mwenyewe niliishia kuuza kwa hasara kwenye mashine ya kusaga Moshi.

Hata Umoja wa Mataifa umeshindwa kufunga njia kama hizi. Februari 2012 Baraza la Usalama lilizuia makaa ya Somalia yasiuzwe nje, ili wapiganaji wa Al-Shabaab wakose fedha. Makaa yakaendelea kufika nchi za Ghuba ya Uarabuni, mengine kwa hati za kughushi zikidai yametoka Comoro. Zuio lile naliunga mkono, maana fedha zile zilinunua risasi. Mahindi ya yule mzee yalikuwa yanalipa ada.

Kama hofu ni njaa, NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, iingie sokoni mapema, wakati wa mavuno, inunue kwa bei inayomlipa mkulima, na ziada ivuke mchana kwa kibali. Kenya inahitaji mahindi karibu kila mwaka, yatavuka tu.

Msimu uliofuata nilipita Kongwa kwa yule mzee. Kwenye ekari zake tano, tatu alikuwa amepanda alizeti.