Viza Ikiondolewa, Soma Masharti Kabla ya Kukata Tiketi

Tarehe 9 Novemba 2022, Rais William Ruto na Rais Cyril Ramaphosa walipotangaza jijini Nairobi kwamba Wakenya wenye pasipoti za kawaida wataingia Afrika Kusini bila viza, nyumbani kwetu Mombasa tulishangilia. Dada yangu anaishi Johannesburg, na kila nilipotaka kumtembelea nililazimika kukusanya taarifa za benki, barua ya mwaliko na barua ya mwajiri, kisha nikasubiri nisijue jibu litakuwa lipi. Raia wa Afrika Kusini walikuwa wakija Kenya bila usumbufu huo, jambo lililotuuma kwa miaka mingi.

Furaha ile ilimponza binamu yangu. Alikata tiketi ya Desemba akiamini kwamba neno la marais limekwisha kuwa sheria, ilhali makubaliano yalipangwa kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Karani wa shirika la ndege alifunua pasipoti yake ukurasa kwa ukurasa akitafuta viza, akairudisha juu ya kaunta, akasema safari haiwezekani. Siku ile nilibishana naye sana, lakini sasa naelewa kwamba shirika likimbeba abiria asiyeruhusiwa kuingia hutozwa faini na hulazimika kumrudisha alikotoka. Nauli ilipotea yote. Kwa hiyo nakusihi usikate tiketi kwa kutegemea habari za mkutano wa viongozi. Uliza tarehe ya kuanza ubalozini, na usubiri ifike.

Hesabu ya siku nayo inataka umakini. Makubaliano yale yanampa Mkenya siku 90 kwa mwaka wa kalenda, wala si siku 90 kwa kila safari, hivyo aliyekaa siku 60 mwezi Machi na Aprili amebakiwa na 30 tu hadi Desemba. Anayepitiliza kwa zaidi ya siku 30 anaweza kuzuiwa kurudi Afrika Kusini kwa miaka 5. Tena hajiumizi peke yake, kwa kuwa kurudishwa kwa wanaokiuka masharti ni miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa na serikali hizo mbili, na nchi mwenyeji ikiona inadanganywa huweza kurejesha viza kwa wote.

Nilipokwenda mwaka 2023, afisa wa uhamiaji aliniuliza nitafikia wapi, nitaondoka lini na nimekuja kufanya nini. Nilimwonyesha tiketi ya kurudi na anwani ya dada, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo msafiri kutoka Kenya hutakiwa kuwa nayo, nilikuwa nimeibeba ndani ya pasipoti. Aligonga muhuri bila neno zaidi. Ruhusa hiyo ni ya matembezi, na anayekusudia kuajiriwa huko hana budi kuomba kibali cha kazi.

Wenyeji wanaoalika wageni kuja Kenya wawaeleze vivyo hivyo. Viza iliondolewa Januari 2024, lakini mahali pake pakawekwa idhini ya kusafiri inayoombwa kwa intaneti kabla ya kuondoka, kwa ada ya dola 30 wakati ilipoanzishwa. Misamaha imeongezwa tangu hapo, hasa kwa Waafrika, kwa hiyo mgeni wako aangalie utaratibu unaohusu pasipoti yake mwenyewe, asiige wa mwenzake.