Macho kwa Kijapani: usikariri neno, kariri hali

Ukishaanza kusoma riwaya au manga (vitabu vya katuni) za Kijapani utakwama mahali pamoja: pale mwandishi anapoeleza mtu kamtazamaje mwenzake. Kamusi itakupa metsuki, manazashi, shisen na mesen, yote kwa maana ya mtazamo, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Wapi!

Metsuki mara nyingi lina shari. Mtu wa "metsuki ga warui" ana jicho la kutisha, hata kama ni mpole na kakunja uso kwa kuwa kasahau miwani. Ukitaka kumsifu mtu, chukua manazashi, jicho la mama anayemtazama mwanawe aliyelala, ila ujue ni la vitabuni zaidi kuliko la kijiweni. Shisen unaihisi mgongoni mtu anapokutazama, na unaweza kuikwepa. Mesen utaisikia sana maofisini, kwenye lawama ya "ue kara mesen": fulani anatutazama kutoka juu, anajiona.

Mimi huandika daftarini msemo mzima pamoja na tukio lake. Me ga oyogu, macho yanaogelea: mume kaulizwa jana usiku alikuwa wapi. Me ga suwaru, macho yameganda hayapepesi: yule wa baa aliyepitiliza, wenzake wameanza kumsogezea maji. Ninaoupenda kuliko yote ni me o hosomeru, kufinya macho. Sisi tukimwona mtu kafinya macho tunadhani anashuku, au haoni vizuri. Babu wa Kijapani hufinya macho kwa furaha akimwona mjukuu anapiga hatua. Ukitafsiri neno kwa neno, umemgeuza babu wa watu mchawi.

Usiyapuuze pia maneno ya mwigo, yale yanayoiga sauti au namna jambo linavyotendeka, maana ndiyo yanayosemwa kila siku. Jirojiro ni kumkodolea mtu macho bila haya. Mwafrika akipanda treni ya mikoani huko hahitaji kamusi kulielewa. Chiratto ni kutupa jicho mara moja tu. Kyorokyoro ni macho ya mgeni stesheni, huku na huku, anatafuta njia ya kutokea.

Kwa mazoezi, tazama tamthilia zenye maandishi ya Kijapani chini, usimamishe picha kila kamera inaposogelea uso. Jiulize wewe ungesemaje, ndipo usome wao wamesemaje. Sanpakugan liache kwanza: hilo ni umbo la jicho, weupe ukionekana pande tatu za mboni, na utakutana nalo zaidi kwenye maelezo ya wahusika wakorofi.