Mistari saba ya spektra ya majani ya chai: ni sita na mmoja

Ndugu mleta mada, umesema spektra ya resonansi ya spini ya elektroni (kipimo kinachotumia maikrowevu na uga wa sumaku kutambua elektroni zisizo na jozi) uliyoipata kwenye majani makavu ya chai ina mistari saba, nawe unaisoma kuwa ni ya radikali moja (molekuli yenye elektroni isiyo na jozi) yenye hidrojeni sita zinazolingana. Nami nilisoma hivyo hivyo nilipopima chai niliyoichukua Tukuyu, na kwa wiki mbili nikatafuta molekuli ambayo haikuwamo.

Kanuni uliyoitumia ni sahihi: viini vya atomi n vinavyolingana, kila kimoja kikiwa na spini I (namba ya mzunguko wake wa ndani, ambayo kwa hidrojeni ni 1/2), hugawa mstari mmoja kuwa mistari 2nI + 1. Lakini kwa hidrojeni sita vimo vya mistari hiyo havina budi kufuata uwiano wa 1:6:15:20:15:6:1, kwa hiyo ile ya pembeni ingekuwa hafifu mno. Sita kati ya mistari yako inakaribiana kimo, tena imeachana kwa takriban militesla 9 za uga wa sumaku, ilhali hata hidrojeni za radikali ya methili huachanisha mistari kwa militesla 2.3 tu.

Hiyo sita ni ya ioni ya manganizi, Mn2+, ambayo kiini chake kimoja kina spini 5/2, na kwa kanuni ile ile hutoa mistari sita. Mchai hustawi kwenye udongo wenye tindikali, kama wa Rungwe na Mufindi, na katika udongo wa namna hiyo manganizi huyeyuka kwa wepesi, ikafyonzwa na mizizi na kulimbikizwa majanini.

Mstari mwembamba wa katikati ndio wa radikali. Kwa masafa ya maikrowevu ya gigahezi 9.50 niliukuta kwenye militesla 338.7, yaani g (namba itokanayo na uwiano wa masafa na uga, inayosaidia kutambua radikali) ya 2.004, inayolingana na semikwinoni, radikali zitokanazo na polifenoli za chai.

Kilichonisadikisha hasa ni kuongeza nguvu ya maikrowevu hatua kwa hatua. Mstari wa katikati ulishiba mapema, yaani uliacha kukua kadiri nguvu ilivyoongezwa, huku ile sita ikiendelea kukua. Ingekuwa yote ya molekuli moja, ingeshiba pamoja.

Kabla ya kuandika thamani yoyote ya g, pima kwanza DPPH, radikali imara inayotumika kusawazishia kipimo, ambayo g yake ni 2.0036, kisha urekebishe uga wa sumaku. Kosa la militesla 0.3 tu hukusogeza kutoka 2.004 hadi karibu na 2.0023 ya elektroni huru.