Maswali yenu: achari, ubuyu na samaki kwenye gazeti

Wiki hii mmeuliza sana mambo ya vifungashio, nimechagua matano. La achari nimelijibu kirefu maana wameliuliza zaidi ya mmoja.

Habari kaka. Natengeneza achari ya embe hapa Ngamiani, Tanga, napaki kwenye chupa za maji zilizotumika, naziosha kwa maji ya moto kabisa. Anayeniuzia anasema plastiki hii ishapimwa maabara. Kweli?

Dada yangu, inawezekana kabisa ilipimwa, ila ilipimwa kwa ajili ya nini? Hapo ndo kwenye kazi. Mara nyingi maabara hawatumii chakula chenyewe, wanatumia kitu cha kukiwakilisha, kwa utaratibu wa Umoja wa Ulaya ni ethanoli ya 10% kwa vitu vya majimaji, asidi ya siki ya 3% kwa vitu vichachu, na mafuta ya mimea kwa vitu vya mafuta. Plastiki inagusishwa na hicho kitu, kwa bidhaa ya kukaa muda mrefu kawaida ni siku 10 kwenye joto la nyuzi 40, halafu plastiki inatolewa na ile siki inakaushwa kwenye kibakuli kilichopimwa uzito mapema. Chini kinabaki kiutando, kama chumvi inayokukaukia mkononi ukitoka kuoga baharini Raskazone, na hicho kiutando ndo kilichotoka kwenye plastiki. Kinapimwa kwenye mizani inayosoma chini ya miligramu, kikomo ni miligramu 10 kwa kila eneo la sentimita 10 kwa 10 lililogusa. Na baadhi ya kemikali zina kikomo chake peke yake, cha chini kuliko hicho, hizo zinatafutwa kwa mashine.

Sasa wewe achari yako ina ndimu, ina mafuta, inakaa miezi, na chupa ile ilitengenezwa kubeba maji. Afu hayo maji ya moto, plastiki ya namba 1, ndo ya chupa hizo za maji, inaanza kulegea kwenye nyuzi 70 na kitu, si umeona chupa inavyojikunja ukiimwagia maji yanayochemka? Joto hilohilo linaharakisha antimoni kutoka, ni madini yanayotumika kiwandani kutengenezea plastiki hiyo. Na zaidi ya yote hujui aliyeitupa aliwekea nini, huenda mafuta ya taa, huenda dawa ya mbu, na plastiki inanyonya, ukiosha unatoa cha juu tu.

Nenda kwenye chupa za glasi, tafadhali. Ila hata huko angalia mfuniko, ule mpira laini wa ndani mara nyingi ni plastiki iliyolainishwa kwa kemikali na mafuta yanazivuta hizo kemikali vizuri sana, kwahiyo usijaze achari mpaka iguse mfuniko na usilaze chupa wakati wa kusafirisha.

Nauza samaki wa kukaanga, nafunga kwenye gazeti kama alivyofanya marehemu baba. Kuna ubaya gani?

Upo ndugu yangu. Wino wa gazeti mara nyingi una mafuta ya madini, yaani ya jamii ya petroli, na haukutengenezwa uguse chakula, na samaki anatoka kwenye karai wa moto, anachuruzika mafuta, yaani ni kama unamkabidhi wino. Fungia andazi la moto siku moja halafu libandue taratibu, utakuta herufi zimejiandika kinyumenyume kwenye andazi. Mzee hakukosea, hakuambiwa. Tumia karatasi isiyochapwa iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, au jani la mgomba.

Mteja wa nje anataka ripoti ya uhamaji wa kemikali ya ubuyu wangu wa pakiti. Nipeleke ubuyu maabara?

Hapana, wanachopima ni pakiti, kama kemikali zake zinahamia kwenye chakula. Peleka pakiti tupu, mpya, za mzigo uleule unaotumia, usizichanganye na sabuni wala manukato njiani, na uandike wazi: ndani kutakaa nini, unapaki ukiwa wa moto au umepoa, utakaa miezi mingapi. Bila hivyo watachagua kipimo wao na mteja anaweza kuikataa ripoti, hela imeenda. Usalama wa chakula tangu 2019 uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, waulize kwanza kama kipimo anachotaka mteja wako wanakifanya. Aliyekuuzia pakiti naye mdai barua ya kuthibitisha zinafaa kwa chakula, yenye namba ya mzigo. Na kama zimechapwa rangi kwa nje, uliza zilikaushwa vipi, kwa sababu zikiviringishwa upande wenye wino unalalia upande utakaogusa ubuyu, na rangi inahamia ndani hata usiione kwa macho.

Dumu la maji la dispensa lina namba 7, nitupe?

Namba inasema aina ya plastiki tu, sio cheti cha usalama. Namba 7 ni "nyinginezo", na madumu magumu yanayong'aa mengi ni polikaboneti, inayotengenezwa kwa kemikali inayoitwa bisifenoli A. Umoja wa Ulaya waliizuia kemikali hiyo kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwaka 2025 wakaanza kuizuia kwenye vifungashio vya chakula kwa ujumla. Lililokwaruzika au lililopauka lirudishe, na jipya usiliache juani mlangoni. Maji ya moto usiweke kabisa.

Nikinusa chombo si naweza kujua?

Unaweza kujua kibaya, huwezi kujua kizuri. Chombo kinachonuka plastiki kali usikitumie, lakini vilainishi vingi vya plastiki havina harufu wala ladha, vinaingia kwenye mafuta kimyakimya na pua haina habari.