Kwa nini kinyama kichukuliwe mara ya pili?

SWALI: Baba mkubwa wangu, mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma, anaugua saratani ya mapafu ingawa hajawahi kuvuta sigara. Mwaka jana alichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, ikaonekana kinasaba (jeni) kiitwacho EGFR, kinachoongoza ukuaji wa seli, kimebadilika, akaanzishiwa vidonge vya gefitinibu. Alipata nafuu hadi akarudi kupogoa mizabibu kwa mkono wake, lakini sasa kikohozi kimerudi na daktari anataka kinyama kingine. Ndugu wanasema kipimo cha kwanza kilikosewa. Je, ni kweli?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa kuuguza. Sioni dalili kwamba kipimo kilikosewa. Nafuu aliyoipata mzee inaonyesha kuwa shabaha inayolengwa na vidonge hivyo, yaani badiliko la EGFR, ilikuwepo.

Seli za uvimbe hutokana na seli moja iliyoharibika, lakini kadiri zinavyogawanyika, makosa mapya hujitokeza katika vinasaba, hata kinyama cha upande mmoja kikawa na mabadiliko yasiyokuwepo upande wa pili. Mzee ataelewa upesi akielezwa kwa mfano wa mzabibu: kosa la mapema liko shinani, hivyo limo katika kila tawi, ilhali la baadaye limo katika tawi moja tu. Utafiti wa saratani ya mapafu uitwao TRACERx, wa Uingereza, uliotoa majibu ya wagonjwa 100 wa kwanza mwaka 2017, ulipima sehemu 327 za uvimbe wao, ukakuta kwamba mabadiliko ya EGFR karibu daima yalikuwa ya shina, ila zaidi ya robo tatu ya wagonjwa walikuwa pia na mabadiliko ya matawi yanayochochea saratani. Ndiyo sababu watafiti wa dawa hutafuta kwanza shabaha iliyo shinani, kwani dawa ya tawi moja huyaacha mengine yakistawi.

Hata hivyo, saratani hubadilika ikiwa chini ya dawa. Kwa takriban nusu ya wagonjwa ambao gefitinibu imeacha kuwafaa, hukutwa kosa jipya liitwalo T790M katika jeni ileile, na hilo lina dawa yake, osimatinibu. Wengine, wachache, uvimbe wao hugeuka kuwa saratani ya seli ndogo, aina nyingine ya saratani ya mapafu, ambayo matibabu yake ni tofauti kabisa. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha T790M, lakini kisipoionyesha haina maana kwamba haipo, wala damu haionyeshi seli zilizogeuka umbo. Kwa hiyo namuunga mkono daktari wenu.

Nendeni na majibu ya kwanza, muulize kama kinyama kitachukuliwa kwenye sehemu inayokua sasa, na mzee asiache vidonge kabla daktari hajamwambia.